Mdogo wangu anataka kusoma kilimo UNILU: gharama zikoje, na masomo hayo yanawafaa nini watu wa mji?

Kaka wa Likasi

Heshima kwenu wote. Mdogo wangu wa kike amepata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, kwa asilimia 61, na ameshikilia kwamba atasoma kilimo katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU). Baba hakubali. Anasema mama yetu amelima miaka yote bila kukanyaga chuo, na kwamba afadhali minervali hiyo, yaani ada ya chuo, ilipie sheria au udaktari. Kwa kuwa mimi ndiye nitakayebeba sehemu kubwa ya mzigo, naomba mniambie ni gharama zipi humfikia mzazi baada ya mtoto kuandikishwa, na nikitaka kumwonyesha baba kwamba masomo hayo yana faida kwa watu, nimwonyeshe nini.

Mama wa Katuba

Ndugu yangu, nimesomesha watoto wawili pale Kasapa, kwenye kampasi ya chuo. Minervali hutangazwa kwa dola, hulipwa kwa faranga kwa awamu, na anayechelewa hupata taabu ya kuandikishwa kwenye mitihani. Kwa hiyo lipa benki mwenyewe, tunza kila risiti, wala usimpe mtu yeyote pesa mkononi kwa ahadi ya "nafasi". Lakini kilichonichosha mimi ni makazi. Vyumba vya homu (mabweni ya chuo) havitoshi, na mwanangu wa kwanza aliishi mwaka mzima kama makisari, yaani alilala katika chumba cha rafiki yake bila jina lake kuandikwa popote. Kila alfajiri alikunja godoro lake la sponji na kulisukuma chini ya kitanda cha mwenye chumba. Kwa binti sishauri hivyo. Ukipanga chumba mtaa wa Gambela, mwenye nyumba atadai garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi kadhaa kabla ya kukupa ufunguo, kisha kuna makala (mkaa), unga wa bukari (ugali), bidoni (madumu) za maji, silabasi (maandishi ya masomo) na fotokopi. Tafuta garanti hiyo mapema kuliko minervali, kwa sababu haina awamu.

Mwanakilimo

Namjibu baba, kwa heshima zote. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, na upepo ulibeba moshi wake kwa miongo mingi kuelekea kaskazini-magharibi, hadi ardhi ya mtaa wa Penga Penga ikabaki tupu. Udongo wa huko una shaba, risasi, zinki, kadimiamu na aseniki. Kitivo cha Kilimo cha UNILU kimefanya majaribio palepale: kuanzia mwaka 2000 miti ilipandwa katika mashimo yaliyojazwa udongo uliorutubishwa, na baadaye zikajaribiwa nyasi zinazostahimili shaba, ardhi ikitiwa chokaa na mboji ili metali zipungue kuyeyuka katika maji ya udongo na vumbi litulie.

Nilipokuwa mwanafunzi tulipelekwa kuona. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu, lakini shina moja la nyasi niliposhika lilikataa kung'oka, na mizizi yake ilikuwa imekamata udongo kiasi cha ngumi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nasomea kilimo. Mama yenu anajua lengalenga (mchicha) kuliko profesa yeyote, hilo silipingi. Ila jicho halioni kadimiamu katika jani wala katika maji ya kumwagilia, na mtu wa kupima hayo lazima afundishwe.

Kitivo hakiko peke yake. Watafiti wa Shule ya Afya ya Umma ya chuo hichohicho, wakishirikiana na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walipima wakazi 72 wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, 32 kati yao wakiwa watoto, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kobalti nyingi, metali inayochimbwa huko, katika mkojo wa watoto hao.

Jirani wa Kiwanda

Ninakubali, lakini niseme lililoniuma. Miaka iliyopita watafiti walikuja uani kwangu, wakachota udongo katika mifuko midogo, wakaandika namba na jina la mtaa, wakashukuru vizuri. Hawakurudi. Hadi leo sijui kama bustani ninayolishia watoto ni salama. Binti huyo akifika huko, naomba awe mtu wa kurudi na jibu, hata likiwa baya.

Mwanakilimo

Una haki kabisa, mama. Jibu lenyewe linapaswa kuelezwa kwa Kiswahili, mlangoni, kwa maneno ya kawaida: panda hapa, usipande pale, osha mboga kwa maji safi.

Kaka wa Likasi

Nawashukuru sana. Nimemsomea baba jibu la Jirani mara mbili. Alinyamaza, kisha akauliza kama bustani ya mama nayo inaweza kupimwa. Jumamosi tunashuka Lubumbashi na mdogo wangu kutafuta chumba, na garanti nimeshaiweka kando.