Vyungu vya taulo na saruji: mdomo unapasuka, rangi inabanduka, mawaridi yanageuka njano

Bustani_Uani
Wakuu, salaam. Kuna vyungu sita vya maua hapa vya mataulo chakavu. Taulo limechovywa kwenye saruji tupu na maji, likatandazwa juu ya ndoo ya lita 20 iliyopinduliwa, likakaa juani siku nzima. Vinne vimepasuka kwenye mikunjo karibu na mdomo. Viwili vilivyopona vikapakwa rangi ya mafuta. Wiki tatu baadaye imevimba malengelenge na chini yake kuna unga mweupe. Mawaridi yaliyomo yanatoa majani mapya ya njano yenye mishipa ya kijani. Kosa liko wapi? Picha zinagoma kupanda, mtanisamehe.

Mwiko_na_Jembe
Mkuu, taulo halina kosa kama ni la pamba. La nailoni halinywi saruji, linavaa ganda tu ambalo hubanduka baadaye.

Makosa ni mawili: saruji tupu na jua. Saruji isiyo na mchanga husinyaa sana ikikauka, na ukiianika inapoteza maji kabla haijakomaa. Mdomo ndio mwembamba kuliko kwingine, kwa hiyo unaanza wenyewe kupasuka.

Koroga makopo mawili ya saruji kwa kopo moja la mchanga laini uliochekechwa. Maji kopo moja na robo, yasizidi moja na nusu. Uwe kama uji mzito unaoganda kwenye vidole (vaa glavu, saruji mbichi inachoma ngozi). Saruji ya daraja la nguvu 32.5 (namba iliyo kwenye mfuko) inatosha kabisa. Koroga kidogo kidogo: ukianza kushika, usiuokoe kwa maji, mwaga.

Taulo lilowe kwanza kwenye maji matupu, likamue, ndipo ulichovye. Likiingia kavu linanyonya maji ya saruji na katikati panabaki unga. Likande mpaka uji upenye pande zote mbili. Ndoo ivishwe mfuko wa nailoni na iinuliwe juu ya tofali, mikunjo ining'inie bila kugusa chini. Juu, ambapo ndipo patakuwa kitako, gandamiza kwa kipande cha ubao; ukisahau hilo chungu kitayumba maisha yake yote.

Kiweke kivulini, kifunike nailoni, usikiguse saa 24. Ukishakivua, kilowanishe kisha paka niru (uji wa saruji na maji) kwa brashi, mikono (tabaka) miwili au mitatu, ndani na nje, ukitilia mkazo mdomo. Halafu kimwagilie asubuhi na jioni siku saba kikiwa kimefunikwa. Hivyo vinne vilivyopasuka, kama ufa ni mwembamba, vilowanishe na uzibe kwa niru. Kama unapitisha kucha, vunja uvitumie kama kokoto.

Shubiri
Naongezea kwenye mawaridi. Majani mapya kuwa njano huku mishipa ikibaki kijani ni dalili ya mmea kukosa madini ya chuma. Chuma kinaweza kuwemo kwenye udongo, lakini chokaa inayotoka kwenye saruji mbichi inakifanya kisifyonzwe na mizizi. Mbolea ya samadi haitamaliza tatizo. Yahamishe mawaridi, chungu ukijaze maji wiki mbili ukiyabadilisha. Siki kidogo inasaidia kuharakisha. Ukitaka kupanda mapema, weka shubiri au mkonge wa mapambo, hiyo haijali chokaa sana.

Kokoto_Nyeupe
Siki hapana. Inakula uso wa niru uliouhangaikia, na chokaa ya ndani inabaki palepale. Maji yanatosha, ila yabadilishe kila siku tatu. Ukiyaacha yakazeeka, mbu wa dengi watakulia humohumo. Wao hawahitaji bwawa.

Huo unga mweupe upime hivi: pangusa kwa kitambaa kibichi. Ukiyeyuka, ni chumvi, huenda mchanga au maji yako yana asili ya bahari. Usipoyeyuka, ni chokaa, usugue kwa brashi ngumu.

Rangi ya mafuta iache kabisa. Chokaa ya saruji mbichi inaigeuza kuwa kama sabuni, na unyevu wa udongo unaisukuma kutoka ndani. Subiri siku 28, piga msasa, kisha rangi ya maji ya ukuta wa nje, mkono wa kwanza ukiuongezea maji kidogo ili uzame. Ndani paka rangi ya lami mikono miwili, iachie ikauke vizuri kabla ya udongo. Bila hiyo, hata rangi nzuri ya nje itavimba.

Bustani_Uani
Shukrani wakuu. Na matundu ya chini? Hivi viwili havina hata moja.

Mwiko_na_Jembe
Basi hata chokaa isingekuwepo, mizizi ingeoza. Toboa matatu kwa biti ya zege ya milimita 12, mashine ikiwa imezimwa mapigo ya nyundo, na ndani ukiegemeza kipande cha mbao ili kitako kisibanduke. Kwa vipya, toboa taulo likiwa bichi, chomeka vijiti vinene kama kidole gumba vilivyoviringishwa nailoni, na uvizungushe kuvitoa kesho yake. Ukisubiri siku ya tatu, hutavitoa.