Namba za risiti zinaruka kwenye MySQL, na keshia wangu anashukiwa

mtunza_daftari
Wakuu, habari za kazi. Nimetengeneza programu ya risiti kwa SACCOS moja ya wakulima huku Mbeya. Kuna madirisha mawili ya kupokelea hisa na marejesho ya mikopo. Data inakaa kwenye MySQL, programu ya hifadhidata. Namba ya risiti inajitoa yenyewe, safu ya id nimeiwekea AUTO_INCREMENT, yaani MySQL inaongeza namba yenyewe kwa kila rekodi mpya.

Wiki iliyopita amekuja mkaguzi. Katoka 1408 kakuta 1410. Mbele kidogo, 1533 inafuatwa na 1536. Akauliza hizo tatu ziko wapi. Kwenye kitabu cha kaboni karatasi ikiharibika unaichora mstari, unaandika IMEFUTWA, na inabaki kitabuni. Kwenye jedwali langu hakuna kitu cha kuonyesha. Sasa keshia wa dirisha la pili, mama mtu mzima, ameanza kutazamwa vibaya, na mimi najua hajagusa hata shilingi. Hilo ndilo linaninyima usingizi.

Nafikiria niache AUTO_INCREMENT, niwe nasoma namba kubwa kuliko zote halafu naongeza moja. Nitakuwa salama?

fundi_seva
Kaka, usifanye hivyo. Madirisha yote mawili yakisoma kwa wakati mmoja yataona 1540, na yote yataandika 1541.

Mama wa watu hana kosa. InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi majedwali, hutoa namba pale unapojaribu kuingiza rekodi. Muamala, yaani hatua zinazokubaliwa zote au kughairiwa zote, ukighairiwa, namba hairudi. Imefanywa hivyo makusudi, la sivyo dirisha la pili lingesimama kusubiri la kwanza limalize. PostgreSQL, hifadhidata nyingine, nayo ni hivyohivyo.

Tazama pia toleo lako la MySQL. Kabla ya 8.0 kihesabio cha namba kilikaa kwenye kumbukumbu ya seva tu. Ukifuta risiti ya mwisho kisha seva ikawashwa upya, inahesabu kutoka namba kubwa iliyobaki, na namba ileile anapewa mwanachama mwingine. Hapo una risiti mbili mikononi mwa watu wawili, zenye namba moja. Afadhali pengo mara mia.

dada_hesabu
Tenganisha namba mbili. Ile id iache iwe ya mashine, iruke itakavyo, na mwanachama asiione. Namba ya risiti iwe safu yake.

Tengeneza jedwali dogo la vihesabio, rekodi moja kwa kila tawi na mwaka. Ndani ya muamala uleule wa risiti, soma rekodi hiyo kwa SELECT ... FOR UPDATE ili ijifunge, dirisha jingine lisiiguse, ongeza moja, andika risiti, kisha COMMIT, yaani thibitisha muamala. Muamala ukikwama, kihesabio nacho kinarudi kilipokuwa. Weka UNIQUE, sharti la kutojirudia, kwa tawi, mwaka na namba kwa pamoja. Ndiyo, dirisha la pili litasubiri kidogo, ila kwa madirisha mawili hakuna atakayehisi. Lakini uchapishaji uwe baada ya COMMIT, maana printa ikikwama karatasi huku rekodi imefungwa, foleni nzima imesimama.

Na usifute risiti kamwe. Weka safu ya hali, nani kaibatilisha, lini, kwa sababu gani. Ndiyo karatasi yako ya kaboni hiyo.

mtunza_daftari
Dada, nimefanya ulivyosema. Nimefungua kompyuta mbili, nimegonga kwa pamoja risiti 200 za majaribio huku nikikatisha nyingine makusudi. Hakuna pengo, hakuna iliyojirudia.

Yale mapengo ya zamani nimeyatafuta kwenye faili la makosa la programu. Katikati ya 1408 na 1410 kuna jaribio moja lililokataliwa, mtu aliingiza namba ya mwanachama ambaye hayupo. Baada ya 1533 yapo mawili, yamepishana sekunde tisa. Yote matatu yametoka dirisha la kwanza.

Nimechapa kurasa hizo. Nakala ya kwanza nimempelekea mama pale dirishani kwake, akaisoma mara mbili, akaikunja na kuiweka kwenye mkoba. Ya mkaguzi naipeleka kesho asubuhi.

fundi_seva
Mpelekee na tarehe ulipobadilisha programu, aiandike kwenye faili lake. Mwakani asije akauliza upya.