Naomba ushauri: igizo la darasani kuhusu mgeni limeniharibikia, mwanafunzi haji shule

Mwl wa Magharibi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari ya kata mkoani Katavi. Naombeni mnisome mpaka mwisho.

Kidato cha pili tumefika kwenye maigizo. Sikutaka kuwakaririsha nadharia, nikawaambia waigize jambo linalowahusu: mgeni anaingia kijijini, anaomba pa kulala na kipande cha kulima. Maneno sikuwaandikia, nilitaka wayatoe wenyewe. Nikachora mstari wa chaki sakafuni, huo ndio Mto Malagarasi. Kijana mmoja akawa mtendaji, wengine wanakijiji, binti mmoja akawa mgeni, kanga begani na dumu la njano mkononi.

Mwanzo walicheka tu. Halafu mtendaji akauliza, "Kwenu wapi?" Binti akajibu, "Hapa." Darasa zima likalipuka: "Hapa si kwenu! Rudi kwenu!" Wanapiga madawati. Mtendaji akanyoosha mkono: "Lete cheti tukione." Binti akaliweka dumu chini taratibu, akasema, "Cheti anacho babu, kiko kwenye kopo la maziwa." Akatoka nje. Leo siku ya nne hajaonekana.

Mkuu wa shule ameshaliweka igizo kwenye ratiba ya siku ya wazazi, wiki tatu zijazo. Naomba mbinu za kumrudisha aendelee na nafasi yake, maana hakuna mwingine anayeiweza.

Chaurembo:
Kidato cha pili wana upimaji wa kitaifa mwaka huu, wewe unachora mito sakafuni. Fundisha ngeli, mwalimu.

Mzee wa Reli:
Umenikumbusha mbali. 1978 baba alihamishwa reli kutoka Tanga kwenda Tabora. Siku ya kwanza shuleni nikafungua mdomo, lafudhi yangu ikawa kichekesho cha darasa. Wakaniita Mdigo wa Baharini mpaka namaliza la saba, na mimi hata si Mdigo. Hakuna aliyenipiga. Nilijifunza kuongea kama wao, basi. Nikirudi Tanga likizo shangazi ananiuliza, umekuwa Mnyamwezi lini?

Mama Wawili Mpanda:
Mwalimu, kopo la maziwa si maneno ya kuigiza. Huyo mtoto ni wa nani?

Mwl wa Magharibi:
Ni mwanafunzi kama wengine, dada. Anafanya vizuri tu darasani. Mimi shida yangu ni muda, wiki tatu ni chache.

Mama Wawili Mpanda:
Nakuuliza tena. Babu anayeficha cheti kwenye kopo, huku kwetu tunajua habari yake. Ulijua au hukujua?

Mwl wa Magharibi:
Sawa. Nilijua.

Babu yake alitoka Burundi 1972, akaishi Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, akapata uraia na wale wa 2014. Mama yake alinieleza siku nilipopokea fomu za kidato cha kwanza. Walikuwa wamehamia mjini, akaniomba yasifike darasani. Nafasi ile nilimpa makusudi. Niliona ataicheza kwa uchungu wa kweli na wenzake watafunguka.

Na walifunguka, wakuu. Kesho yake wavulana wawili walinifuata ofisini kuuliza kama wamemkosea. Siwezi kusema somo halikufika. Hata mswada nimeshauandika, mwishoni wanakijiji wanampokea kwa ngoma. Akiona mwisho huo atatulia.

Mtumishi:
Aliyeambiwa siri akaitoa ana deni mbele ya Mungu. Nchi hii ilipokea watu mpaka Mwalimu Nyerere akapewa tuzo ya Nansen 1983 kwa ajili ya wakimbizi. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo mwalimu mwenyewe anamsimamisha mtoto azomewe!

Dogo Janja wa Sumbawanga:
Nimekaa pale na karanga zangu 🥜

Bagamoyo Jukwaani:
Nimesomea sanaa za maonyesho, ngoja niongee na mwalimu kama mtu wa kazi moja.

Ulichofanya kina jina, igizo dhima la papo kwa papo, na ni kizuri. Kosa ni kumpa aliye mgeni kweli nafasi ya mgeni. Hana pa kujificha nyuma ya mhusika. Nafasi hiyo beba wewe. Ingia darasani na dumu lako, wanafunzi wakuhoji mwalimu wao. Watakufukuza kwa furaha, na hakuna mtoto atakayelala na maneno hayo. Au sogeza mambo mbali, kijiji kisicho na jina, mto usio Malagarasi. Ukichora Malagarasi mbele ya mtoto yule, umechora njia aliyopita babu yake.

Pili, uliwatoaje kwenye uhusika? Kila mmoja alipaswa asimame aseme, "Mimi ni fulani, si mtendaji tena." Wale wavulana wawili bado wamevaa vyeo vyao, ndiyo maana wamekuja ofisini.

Tatu, mwisho wa ngoma utoe. Augusto Boal wa Brazili alikuwa anasimamisha igizo pale mambo yanapokwama, mtazamaji anapanda jukwaani kujaribu njia nyingine. Siku ya wazazi ndiyo ingekuwa hivyo, mzazi apande. Maneno ya "lete cheti" hukuwaandikia wewe. Waliyatoa wapi?

Kinoko:
Wakuu hii ni CHAI. Kopo la maziwa, dumu la njano, mtendaji ananyoosha mkono... Mambo ya darasani hayapangiki namna hii. Huyu anaandika tamthilia anatupima hapa, au ni wa chuo anatafuta data.

Dogo Janja wa Sumbawanga:
Chai ya maziwa ya kopo kabisa 😂 Mleta mada tupe picha ya mstari wa chaki.

Chaurembo:
Na mkuu wa shule gani anaweka igizo kwenye ratiba kabla halijakamilika? Nilihisi toka mwanzo.

Mwl wa Magharibi:
Picha sitaweka, nikiweka darasa nimewaweka na watoto. Niiteni mwongo, sawa. Dawati lake bado halina mtu.

Mjukuu wa Katumba:
Kinoko, kwetu ni kopo la maziwa pia. Ndani kuna mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko ndimo kilipo cheti, kimekunjwa mara mbili. Ni kwa ajili ya mchwa. Wazee waliomba uraia 2008, vyeti vikaanza kutolewa 2014, watu zaidi ya 160,000. Miaka sita unasubiri karatasi, ukiipata huiweki kabatini. Babu yangu akisikia pikipiki isiyo ya jirani, mkono unaenda kwenye kopo.

Mwalimu, usimwite shule. Nenda kwao, jioni, wazee wakiwepo. Anza na mama, yeye ndiye uliyemwahidi. Mswada acha nyumbani. Usiseme "somo lilifika", ukisema hivyo umemaliza kila kitu. Mtoto akitaka kuhama mkondo au shule, saini.

Mwl wa Magharibi:
Nimeongea na mkuu, igizo limetoka kwenye ratiba. Ameniuliza sababu, nikamwambia ni kosa langu la maandalizi, ya familia sikuyagusa. Kesho jioni naenda. Nibebe nini?

Mama Wawili Mpanda:
Alitoka mikono mitupu, siyo? Mpelekee madaftari yake.

Mwl wa Magharibi:
Yako matano. Nimeyatoa sasa hivi chini ya dawati. Na kanga. Kanga ilikuwa ya mama yake, imebaki sakafuni siku ile na ina chaki. Mke wangu anaifua.