Kwa nini vipande vya meli hujengwa vikiwa vimepinduliwa?

Mgeni wa Bahari:
Wakuu, hodi. Nimeangalia video ya meli ya mizigo ikiundwa. Miye nikidhani wanalaza mkuku, ule uti wa chini wa meli, wanasimamisha mataruma, yaani mbavu zake, kisha wanavika mabamba hadi juu. Kumbe inaundwa vipande vipande, na vingine vimelala kifudifudi, sakafu juu! Kulikoni?

Fundi Cheche:
Mkuu, nimechomelea meli miaka kumi na minane, na jibu liko shingoni mwangu. Ukichomelea dari, cheche zinakuingia kwenye kola, mkono unakufa ganzi, mshono unatoka na mapovu. Kipindue kipande, dari iwe sakafu: unainama tu, uji wa chuma unatulia wenyewe. Mabomba nayo tunayafunga humohumo, kabla winchi haijakigeuza na kukipeleka chelezoni, pale meli inapounganishwa. Ukingoja meli iungane, bomba hilohilo utalifunga ukitambaa kama panya.

Ila kinachotutoa jasho ni vipimo. Mshono ukipoa hunywea, kwa hiyo bamba hukatwa na ziada kidogo. Halafu jua. Sitaha, ile sakafu ya juu ya meli, ikipata joto hurefuka kuliko sehemu iliyo chini, meli inajipinda. Vipimo vya kuunganisha tulivichukua alfajiri. Kuna msimamizi mmoja hakungoja, akapima saa nane mchana. Asubuhi yake pale pa kuungana kidole kilipita. Tulikata upya siku mbili, na hakuna aliyemsalimia.

Msomaji Tu:
Enzi za ribiti, zile pini za chuma za kugongelea mabamba, hayo hayakuwepo. Kwa nini ziliachwa?

Fundi Cheche:
Kasi na uzito, ndugu. Kati ya 1941 na 1945 Marekani iliunda meli za mizigo za Liberty 2,710 kwa mtindo huu wa vipande na kuchomelea. Moja, Robert E. Peary, mwaka 1942 ilishuliwa majini siku 4 na saa 15 na ushee tangu mkuku ulazwe.

Lakini ribiti nazo naziheshimu. Januari 1943 meli ya mafuta ya kuchomelewa iitwayo Schenectady ilipasuka karibu vipande viwili ikiwa imefungwa gatini, maji shwari. Chuma cha wakati ule kikipata baridi kilikatika kama kigae. Kwenye ribiti, ufa ukifika ukingo wa bamba mara nyingi huishia hapo. Kwenye mshono bamba zote ni mwili mmoja, ufa unapita tu. Ndiyo maana siku hizi mishono hupigwa eksirei.

Mgeni wa Bahari:
Nimeelewa, fundi. Pole na shingo.

Fundi Cheche:
Upande wa kushoto tu.