Picha za manowari Pegasus zinanichanganya, naombeni ushauri

FundiFunguni:
Assalaam alaykum wanajamvi. Mie kazi yangu kuchonga majahazi na ngalawa ndogo za kuuza, hapa Mjini Unguja. Chombo cha tanga nakichonga hata nimefumba macho. Sasa kuna mzee kaniletea oda nyengine kabisa: anataka Pegasus, ile manowari ya Kiingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani hapa bandarini tarehe 20 Septemba 1914. Iwe vilevile kama asubuhi ile.

Nina picha tano kwenye simu. Urefu wa chombo naujua, kama mita 95.6, na upana mita 11 na kidogo. Nimechukua skeli ya 1 kwa 200, bodi likatoka sentimita 48 kasoro kidogo. Hapo sina neno. Shida ni milingoti na dohani. Nilipima kwa rula kwenye picha iliyo wazi kuliko zote, nikapiga hesabu kwa ule urefu wa meli, nikachonga. Nilipovisimamisha mke wangu akauliza, "Hii meli au msikiti?" Imepanda juu vibaya. Nimekosea wapi?

YakheWaWete:
Tuwekee hizo picha yakhe, tutajuaje?

FundiFunguni:
Haya, zote tano hizo. Niliyopimia ni ya pili.

NahodhaMstaafu:
Waalaykum salaam mwanangu. Hiyo ya pili chombo kimekaa mshazari, omo, yaani mbele ya chombo, inakuja upande wa mpiga picha. Shika rula mbele ya jicho, ilale, kisha igeuze taratibu ncha moja ikuelekee. Utaiona inafupika, lakini unene wake uko palepale. Ndiyo yaliyokukuta. Mita 95 umezigawa kwa urefu uliokwisha kufupika, kwa hiyo kila sentimita ya picha umeihesabu kubwa kuliko ilivyo, na mlingoti ukarefuka. Mlingoti pimia picha ya ubavu mtupu, iliyopigwa kwa mbali.

YakheWaWete:
Si atumie mizinga? Ilikuwa nayo 8 ya inchi 4, na mtutu wake ni kama mita 4. Mmoja wa Pegasus uko Mombasa, Fort Jesus. Amtume mtu akaupige picha na futi ya fundi ubavuni.

NahodhaMstaafu:
Kwa kuchonga mzinga wenyewe, sawa kabisa. Kwa kupimia mlingoti, hapana: mtutu nao umelala, unafupika vilevile. Atafute baharia aliyesimama wima karibu na mlingoti huohuo. Asichukue wa tezi, yaani nyuma ya chombo, akapimia vitu vya omo, aliye mbali huonekana mdogo.

BintiMalindi:
Kaka, picha ya tatu itoe. Ile ina sitaha ya ndege! Hiyo ni Pegasus nyengine, ya 1917. Na hii yetu ilikuwa na ndugu zake kumi wa muundo mmoja, basi picha ikiwa haina jina usiiamini haraka.

Jengine ni rangi. Picha ya kwanza ni ya zamani, dohani limetoka jeusi. Usikimbilie rangi nyeusi. Sahani za picha za wakati ule, vile vioo vya kunasia picha, zilikuwa zikitia giza rangi ya njano na nyekundu, na buluu ikitoka nyeupe. Manowari za Waingereza zilianza kupakwa kijivu mwaka 1903, kwa hiyo kwa asubuhi ya 1914 mie ningepaka kijivu tu. Na moshi usiweke, wala povu la omo. Ilikuwa imetia nanga, mashine zinatengenezwa.

FundiFunguni:
Ahsanteni sana, na shikamoo Nahodha. Picha ya tano ndiyo ya ubavu, nilikuwa naidharau kwa sababu ina ukungu. Pale chini ya mlingoti wa mbele yupo baharia kasimama, mdogo kama punje ya mchele. Nimemhesabia mita 1.7, nikajaribu tena kwa urefu wa meli, hesabu mbili zikakaribiana. Mlingoti umepungua karibu robo. Ule mrefu sikuutupa, nimeutia kwenye jahazi la mteja mwengine na umekaa kama umezaliwa nalo.