Mpangaji mkataba umeisha hatoki, mama anataka kurudi kwake, tufanye nini?

Binti wa Kwamtipura

Assalaam alaykum ndugu zangu, naomba ushauri kwa mwenye kujua mambo ya nyumba za kupangisha hapa Unguja maana kwetu tumeshaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe.

Baba yetu alifariki mwaka juzi, Allah amrehemu, kaacha nyumba Kwamtipura, vyumba vitatu na ukumbi. Mama alipomaliza eda akasema hawezi kukaa peke yake mule ndani, akenda Wete, Pemba, kwa dada yake, na sisi tukaipangisha ili apate pesa ya matumizi. Mpangaji ana mke na watoto watatu wanasoma, mtu wa heshima tu, kodi laki mbili kwa mwezi analipa miezi sita sita, mkataba wa mwaka mmoja kaandikiana na kaka yetu mkubwa na saini zikatiwa mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Mkataba umeisha Disemba. Sasa mama miguu inamsumbua na presha iko juu, kila mwezi anatakiwa kliniki Mnazi Mmoja, hebu fikirieni mtu mzima kutoka Wete mpaka Mkoani kwa gari, halafu boti, halafu daladala tena, akifika kwangu hata kuongea hawezi. Na kwangu ni chumba kimoja, analala yeye mie nalala chini na watoto. Anataka kurudi nyumbani kwake na ana haki.

Tokea Novemba tulimwambia mpangaji kwa mdomo kua mkataba ukiisha hatuendelei, akasema sawa hamna shida. Januari akaomba tumvumilie, Februari bado anatafuta, sasa Aprili hii nikipiga simu hapokei, nikenda mlangoni mkewe ananambia baba hayupo. Kaka yangu wa pili keshachoka, anasema wiki ijayo anakwenda na fundi kuezua mabati na kung'oa mlango wa mbele, masika haya wakinyeshewa usiku mmoja watatoka wenyewe. Nimembembeleza asubiri. Jee ana haki hio? Na kama hana, tunamtoaje bila ya kumdhulumu mtu na bila ya mama kuendelea kuteseka?

Mwana wa Darajani

Wa alaykum salaam dada. Kaka yako simlaumu hata kidogo. Mkataba umeisha, mumemwambia mapema, kajificha nyuma ya mkewe, mnataka nini tena? Mie yangu ya Magomeni nilimkatia maji na umeme mtu wa namna hio, hakumaliza wiki. Ukisema wende mahkamani bi mkubwa ataendelea kupanda boti mpaka mwakani.

Msaidizi wa Sheria, Chake

Dada mzuie kaka yako leo hii, usingoje wiki ijayo. Nakwambia kwa sababu kesi hizi tunazipokea na mara nyingi anaekuja analia ni mwenye nyumba, sio mpangaji.

Yule bwana hakuvunja mlango kuingia, aliingia kwa mkataba na mbele ya sheha. Mkataba kuisha kunakupeni nyinyi haki ya kudai nyumba yenu lakini hakukupeni ruhusa ya kumtoa kwa mkono wenu, anaetoa amri ya kumtoa mtu kwa nguvu ni mahkama peke yake. Mkiezua mabati mvua ikaingia, godoro likarowa, friji ikaungua, madaftari ya watoto yakaharibika, akitoka hapo anakwenda polisi na sasa mshitakiwa ni kaka yako, na kesi ya mama kurudi kwake inakaa pembeni mnajitetea kesi ya uharibifu. Kukata maji na umeme ni njia hio hio, Mwana wa Darajani wewe ulibahatika tu kua mtu wako hakujua pa kwenda.

Sasa nijibu mambo mawili. Baada ya Disemba kuna yeyote kwenu aliepokea pesa kwa huyu mpangaji? Na mirathi ya mzee ishagaiwa au nyumba bado ni ya wote?

Mgeni Mwenyeji

Wende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ndio wanaohusika na kesi za wapangaji. Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 iko wazi kuhusu notisi.

Msaidizi wa Sheria, Chake

Ndugu Mgeni, nia yako nzuri lakini hio ni ya Bara. Ardhi sio jambo la Muungano, huku kwetu sheria hio haifiki na mabaraza hayo hayapo. Zanzibar tuna sheria yetu ya ardhi, namba 12 ya 1992, na Mahkama ya Ardhi imekuja kwa sheria ya 1994. Na hapa kwa dada hakuna anaebisha nyumba ni ya nani, wanabishania muda wa kukaa, kwa hio apate kwanza kitu kimoja muhimu kuliko vyote: maandishi. Mpaka sasa yote wameyasema kwa mdomo.

Nimepanga Fuoni

Naomba na mie niseme upande wa pili maana sote humu tunamzungumza huyu bwana kama jambazi. Mie mpangaji, nina watoto, nayajua haya. Ukiambiwa uhame leo, nyumba ya laki mbili mwenyewe anataka miezi sita mbele, hio ni milioni moja na laki mbili, dalali anataka mwezi wake, laki mbili tena, bado gari ya kuhamisha vitu. Milioni na laki nne kwa mtu wa mshahara anaitoa wapi kwa mwezi mmoja? Halafu ukipata nyumba iko Kisauni au Tunguu na watoto wanasoma skuli za mjini katikati ya muhula. Simtetei kutopokea simu, hilo ni baya. Lakini mtu asiepokea simu mara nyingi hana jibu, sio kwamba hana adabu. Dada, kuna mtu amemuuliza amekwama wapi? Au kila anaekwenda anakwenda kumwambia atoke?

Bi Mkubwa wa Mtoni

Mwanangu Nimepanga, maneno yako yamenigusa na mie niliishi nyumba za watu kabla sijajaaliwa changu. Lakini na mama wa watu je? Yeye nae yuko nyumba ya mtu, na ana yake. Kukaa kwa dada, hata dada awe mwema vipi, ukishakua mgonjwa unaona haya hata kuomba maji ya moto. Tafuteni njia lakini isiwe ya miezi na miezi.

Binti wa Kwamtipura

Ahsanteni sana. Nimefanya kama alivyosema Msaidizi, nimemuita kaka mkubwa nikamuuliza ana kwa ana. Kumbe mwezi wa pili alitumiwa laki nane kwa simu, kodi ya Januari mpaka Aprili, hakutwambia mtu. Anasema alilipa deni la mazishi ya baba lililobaki na nyengine alimpelekea mama bila ya kumwambia imetoka wapi. Kaka wa pili kusikia hivyo nusura wapigane. Na mirathi hatujagawa, tulisema tungoje mama apoe.

Kwa hio mpangaji siku zote alikua anajua kua kalipa na sisi tunampigia simu tunamwambia atoke. Sasa naona hata kwa nini alikua hapokei.

Msaidizi wa Sheria, Chake

Hapo ndipo kwenye kisa chenyewe dada. Huyu mtu hajakaa bure. Mmoja wenu anamwambia kaa kwa kupokea pesa, wawili mnamwambia toka. Angesimama mahkamani na ujumbe wa ile pesa kwenye simu yake angeuliza, nimsikilize nani? Na hakimu angeona mpangaji amekubaliwa kuendelea mwezi kwa mwezi baada ya mkataba, kwa hio notisi yenu ya Novemba imeshapoteza nguvu. Mnaanza upya, lakini safari hii vizuri.

Mwanzo nyinyi wenyewe. Nyumba haijagaiwa ina maana kila mrithi ana fungu lake mule, mama ana thumuni yake na nyinyi watoto kinachobaki, mwanamme mafungu mawili mwanamke moja. Hakuna mmoja mwenye nguvu ya kupokea kodi au kufukuza mtu peke yake. Kaeni, mchagueni mmoja, muandike, mtie saini wote na mama pia. Na mirathi msiilaze, nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana mkafungue mambo ya marehemu, maana leo ni mpangaji kesho mtakuja kugombana nyinyi.

Halafu barua ya mpangaji. Usiipambe, iwe fupi. Iseme hivi: "Sisi warithi wa marehemu fulani tunakujuulisha kua mkataba wa tarehe fulani ulimalizika tarehe 31 Disemba. Tumepokea kodi mpaka tarehe 30 Aprili. Hatutoendelea kupangisha kwa sababu mama yetu anarudi kukaa mwenyewe. Tunakuomba ukabidhi nyumba na ufunguo tarehe fulani." Nakala mbili, aipokee na aandike jina na tarehe kwenye nakala yenu. Akikataa kupokea msigombane, sheha na mashahidi wawili waandike kua barua imeletwa siku fulani saa fulani. Mpeni si chini ya mwezi mzima, na asikwambieni mtu kua sheha anaweza kumtoa, sheha anashuhudia na kusuluhisha tu.

Kama hamna pesa ya wakili nendeni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, wana ofisi Unguja na hapa kwetu Chake Chake, na tokea 2018 tuna sheria ya msaada wa kisheria kwa hio wasaidizi wa sheria tuko kwenye wilaya zote, mtaandikiwa na kuelekezwa mahkama ya kwenda ikibidi.

Mwana wa Darajani

Hili la pesa limebadilisha kila kitu, mie narudisha maneno yangu. Kaka asiguse bati hata moja.

Nimepanga Fuoni

Dada nakuombea kitu kimoja. Mkikaa nae mwambieni mwezi wa mwisho mmemsamehe kodi. Kwenu ni laki mbili tu, kwake ndio pesa ya dalali. Mtu ukimuonesha pa kupitia anapita.

Bi Mkubwa wa Mtoni

Na mama alipwe haki yake ya kuulizwa. Yeye ndie mwenye kurudi.

Binti wa Kwamtipura

Ndugu zangu narudi na khabari. Mama tulimpigia simu tukiwa sote watatu, spika ikiwa wazi, tukamueleza kila kitu pamoja na laki nane. Alinyamaza kidogo akasema watoto wa watu wasitolewe kwenye mvua kwa ajili yangu, nipeni tarehe tu nijue lini nakuja. Kaka wa pili hakusema neno tena kuhusu mabati.

Tulikutana na mpangaji kwa sheha, alikuja na mkewe. Alivyoulizwa umekwama wapi alitoa daftari mfukoni kaandika nyumba zote alizokwenda kuziona, Melinne, Kinuni, Tomondo, na pembeni kila moja kiasi wanachotaka mbele. Tumekubaliana 31 Mei, kodi ya Mei tumemsamehe, barua katia saini na sisi sote tumetia, kaka mkubwa hapokei tena pesa yoyote, anaeshika mambo ya nyumba ni mie. Kamisheni tunakwenda Jumatatu.

Nina masuali mawili yaliyobaki. Ikifika 31 Mei akawa bado yumo, ndio tunakwenda mahkamani moja kwa moja? Na maji na umeme tunafanyaje, maana nasikia wengine wanahamishiwa madeni.

Msaidizi wa Sheria, Chake

Alhamdulillah. La kwanza, ndio, akibaki bila ya makubaliano mapya ya maandishi mnafungua madai na barua hio ndio inayosimama mbele, ichukue na daftari la kodi na karatasi ya warithi kumchagua wewe. Mpaka siku hio usipokee hata shilingi, hata akisema ni ya siku mbili tatu, maana ukipokea unarudi kule kule. Akihitaji siku kidogo aombe kwa maandishi na mumjibu kwa maandishi.

La pili, umeme ni tukuza, ule wa kununua kabla ya kutumia, kwa hio alichonunua ndicho anachotumia, angalieni tu mita kama haikuchezewa na mpige picha. Maji ndio yenye deni, mwambie akuletee risiti ya mwisho kabla hajakupa ufunguo. Siku ya kukabidhi muingie pamoja chumba kwa chumba, bomba, vitasa, swichi, choo, yaliyoharibika yaandikwe hapo hapo mtie saini, na ufunguo wote uupokee wewe, pamoja na wa mlango wa uani ambao watu huusahau.