Umeshauliza AI moja, ya pili unaiuliza lini?

Mgosi_Barabara12: Wakuu, habari za jioni. Kuna mzee wa Ngamiani hapa Tanga anauza unga, mchele na sukari kwa jumla, namtengenezea mfumo wa mauzo. Maduka matatu: Ngamiani, Pongwe, Muheza. Nikaiuliza AI data ikae wapi. Ikasema kila duka liwe na SQLite yake, yaani databesi ndogo ndani ya kompyuta ya duka, usiku zikutane, maana niliieleza mtandao wa Muheza unakatika. Roho haikutulia, nikalipeleka jibu hilo kwa AI nyingine. Ikasema hapana, weka PostgreSQL moja, databesi kubwa ya pamoja, kwenye seva, maduka yote yaingie humo kwa mtandao. Nikarudi na hilo kwa ya kwanza, ikanijibu: "Uko sahihi kabisa, hoja nzuri." Sasa ndiyo nimepotea. Ya pili inafaa kuulizwa wakati gani, na zikipishana unafuata ipi?

Mkonge_Mkavu: Manahodha wengi chombo huenda mrama. Chagua moja ubaki nayo. Vijana mnauliza mashine mbili kwa sababu hamna mkubwa wa kazi wa kumuuliza.

Mgosi_Barabara12: Mkubwa yupi, mkuu? Niliyekuwa nafanya naye kahamia Dar tangu mwaka juzi. Na kama hoja ni chuo, sawa, sikusoma chuo. Nimejifunza kwa bando langu, usiku, watu wamelala.

Mkonge_Mkavu: Nani kataja chuo? Umejishuku mwenyewe. Ninachouliza ni hiki: ChatGPT imetoka mwishoni mwa 2022. Kabla ya hapo mlikuwa mnamuuliza nani?

Mgosi_Barabara12: Stack Overflow, jukwaa la maswali ya waandika programu. Na kule ukiuliza vibaya swali linafungwa mbele ya watu.

Fundi_Pongwe: Mwacheni kijana. Mimi kipimo changu ni kimoja: nikikosea, kurekebisha kutanichukua muda gani? Rangi ya kitufe, jina la kolamu, mpangilio wa ripoti, AI moja inatosha, hata isipokuwepo. Lakini muundo wa databesi ambao mzee ataujaza mauzo ya miaka mitatu? Ujumbe wa malipo ya simu ukiingia mara mbili, mfumo uhesabu mara ngapi? Hapo naomba rai ya pili kabla sijaandika hata mstari mmoja.

Kosa lako, mgosi, ni kuipelekea ya pili jibu la ya kwanza. Umeipa mtihani na majibu pamoja. Fungua mazungumzo mapya, eleza hali ya duka kama ilivyo, usiseme wewe unapenda nini. Hizi zina adabu ya mgeni, chochote utakachoipakulia itakwambia kitamu.

Mwana_Chumbageni: Na kila AI unayoiongeza, umeipa mambo ya mzee wa watu. Majina ya wadeni wake, namba zao za simu. Ile sheria ya taarifa binafsi ya 2023 mnaijua?

Bi_Mahamri: Imepitishwa 2022, mwanangu. Imeanza kutumika Mei 2023.

Mwana_Chumbageni: Ndiyo hiyohiyo, bi mkubwa.

Bi_Mahamri: Basi na mie niseme langu, mie mhasibu. Mnahangaika zikipishana, mie naogopa zikikubaliana. Kijana wa ofisini kaja na hesabu ya VAT, anajisifu AI mbili zimetoa jibu moja. Bidhaa ya 10,000, VAT 1,800. Bei ile ni ya kwenye rafu, VAT imo ndani! Unazidisha kwa 18, unagawa kwa 118, unapata 1,525 na senti zake. Zimesoma mambo yaleyale, kwa hiyo zimekosea pamoja, kama watoto wa dawati moja.

Mkonge_Mkavu: Sasa kama ni hivyo ya pili ya nini? Nimesema tangu mwanzo, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Nahodha_Tongoni: Napita tu. Huyu anayerudia methali, ameshapanda mashua? Mrama si kuzama. Ni chombo kulala upande huu, kikainuka, kikalala upande wa pili. Unatapika, lakini unafika.

Na nahodha ni mmoja, sawa, ila wa kumwambia jambo hakosekani. Bandari usiyoijua unachukua rubani, mwenyeji anayejua mwamba uko wapi. Mkikaribia kisiwa cha Ulenge usiku, mtu anakaa omoni, mbele ya chombo, anatupa bildi, kamba yenye risasi ya kupima kina, anaita pima ngapi, nahodha anasikiliza. Katikati ya bahari, rubani analala.

Mkonge_Mkavu: Rubani ni wa ndege.

Nahodha_Tongoni: Ndege zimekuja lini Tanga, na majahazi yamekuja lini?

Mwana_Chumbageni: Mimi shuleni niliandika mrama ni kuzama nikapewa vema.

Mkonge_Mkavu: Mwalimu wako shabiki wa Coastal Union huyo, akili imebaki 1988 walipobeba ligi.

Mwana_Chumbageni: Ubingwa wa 1988 usiuguse, kaka. Utahama mji.

Fundi_Pongwe: Jamani. Mgosi, stoo ziko ngapi?

Mgosi_Barabara12: Moja tu, Ngamiani. Wateja wakubwa wanalipia Pongwe au Muheza, gari linakuja kupakia huku.

Fundi_Pongwe: Haya. Sukari mifuko 60, mtandao umekata, kila duka linasoma 60 yake. Pongwe kauza 40, Muheza kauza 40. Usiku zinakutana, bakaa ni 20 hasi. Asubuhi magari mawili mlangoni, wote wana risiti. Hili la stoo moja uliziambia?

Mgosi_Barabara12: Sikuziambia. Hazikuuliza.

Bi_Mahamri: Na mzee mwenyewe anafanyaje sasa hivi?

Mgosi_Barabara12: Simu. Muheza wanapiga, "sukari ipo?" Anasema ipo, anachora mstari kwenye daftari. Mstari mmoja mifuko kumi.

Fundi_Pongwe: Hata laini ya simu ikiwa mbovu?

Mgosi_Barabara12: Ikiwa mbovu, wana mgao. Kila asubuhi Muheza anajua ana mifuko 15 ya kuuza bila kuuliza. Ikiisha anasubiri.

Fundi_Pongwe: Mgao huo uweke kwenye mfumo. SQLite iuze ndani ya mgao, kinachozidi kisubiri seva. Sasa ndiyo uziulize zote mbili, kila moja dirisha lake, na daftari la mzee ulieleze mstari kwa mstari.

Mgosi_Barabara12: Kesho asubuhi nampitia, nipige picha kurasa mbili tatu.

Bi_Mahamri: Majina ya wadeni uyafunike.

Mkonge_Mkavu: Bi Mahamri, hizo senti za VAT mlizikata au mlizipandisha?

Bi_Mahamri: Tulizikata. Na hilo nalo kijana alitaka kwenda kuliuliza.

Nahodha_Tongoni: Hujajibu la majahazi.